Chakula cha Mashine

Wadogo zangu wa depo ya reli, siku mliyoniaga mlipanga meza vizuri. Kulikuwa na keki iliyoandikwa jina langu, soseji za kukaanga, mikate ya mafuta, biskuti, na chupa za sukre, yaani soda, za kila rangi, hata ile nyekundu ambayo hakuna mtu wa Kindu anayejua imetokana na tunda gani. Chupa yangu niliishika mpaka ikapata joto mkononi, sikuifungua. Kipande changu cha keki nilimpa fundi wa breki aliyeketi karibu nami, naye hakungoja kubembelezwa. Baadaye nikasikia kuna wanaosema kwamba Mzee Ramazani ameondoka depo na kinyongo.

Sikuwa na kinyongo. Nilikuwa na hamu, na hamu yenyewe ilikuwa ya chakula ambacho hakikuwapo mezani na ambacho wengi wenu hamjawahi kukionja. Kwa kuwa mliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi, nitawaandikia habari za chakula hicho. Vyeo na mishahara tuviache. Mtu wa reli hahitaji kufundishwa kulalamika.

Siku ya kwanza nilipopanda mashine, yaani kichwa cha treni, kama msaidizi wa dereva, nilikuwa nimevaa suruali mpya na nimekariri majina ya vyombo vyote kwa Kifaransa. Nilitarajia kuulizwa habari za breki. Dereva wangu, Papa Kazadi, aliniangalia kutoka miguuni hadi kichwani, akaniuliza nimefungiwa nini cha kula njiani. Nikamwonyesha mkate na kopo la sardini. Akalichukua kopo, akalitia kwenye sanduku la vyombo chini ya spana, akasema hilo ni la siku treni itakapoanguka. Halafu akaniongoza kwenye ujia mwembamba kando ya injini, akafungua mlango wa chuma, akanionyesha pahali pa moto.

Papa Kazadi alizaliwa hapahapa Kindu, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba yake ndiye aliyetoka Kasai kuja kutafuta kazi, lakini mwana naye alijiita mtu wa Kasai maisha yake yote, ingawa Kasai yenyewe aliijua kwa kusimuliwa tu. Alikuwa mrefu, mkavu, mwimbaji wa kanisani, na kwa mambo ya chakula alikuwa mkali kuliko kwa mambo ya breki. Pahali pa moto palikuwa bamba la chuma juu ya bomba la moshi, pale bomba linapotoka kwenye injini. Ukiweka kifungu chako cha chakula karibu na mrija wa mazutu, ile dizeli ya injini, samaki atanuka mafuta na utamla ukifumba macho. Ukikiweka mbali, utakula kibichi. Kati ya hapo na hapo pana nafasi ya viganja viwili hivi, na nafasi hiyo ndiyo niliyofundishwa kwanza kwenye kazi hii.

Tulifunga kwa mangongo, yale majani mapana ya msituni ambayo mama zenu wanafungia chakula. Tabaka mbili, mishipa ya jani ikielekea nje, juu unakunja na kufunga kwa kamba ya mti ili mchuzi usivuje. Ndani tulitia samaki wa Lualaba, matembele, nyanya, pilipili, mawese kidogo na chumvi. Treni ikipanda kilima mashine inavuma, bamba linazidi kupata moto, na lazima ukimbie kugeuza kifungu. Ikishuka, injini inapumua na samaki naye anapumua. Kwa hiyo nilijifunza kusikiliza injini kwa sababu ya samaki. Miaka mingi wakaguzi walinisifu kwamba nina sikio la kutambua injini inayoanza kuchoka, na sikuwaambia sikio hilo lilisomea wapi.

Nikiwa bado mgeni nilimwuliza Papa Kazadi kwa nini tujisumbue, wakati kila kituo kina duka lenye biskuti. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, hakunitazama.

"Mashini haikulake takataka," akasema. "Ukiitilia mazutu chafu inakufa njiani. Sasa wewe muntu, njo utakula takataka?"

Nilioa nikiwa bado msaidizi. Mke wangu Mwajuma ni mzaliwa wa Alunguli, ng'ambo ya mto, na kwao wanajua majani yote yanayoliwa, yanayotibu na yanayodanganya. Kila nilipokuwa na safari alivuka mto kwenda sokoni mapema, akanifungia matembele na mangongo kwenye kikapu, pamoja na mchele wa kwetu uliotwangwa kwenye kinu, ule wenye wekundu kidogo. Papa Kazadi alikuwa akikagua kikapu changu kabla ya kukagua magurudumu. Siku moja alimwambia Mwajuma kwamba angekuwa kijana angenipokonya, si mke, kikapu. Mwajuma alicheka mpaka akaketi chini.

Kisha akazaliwa binti yetu, Aziza. Alipopata miguu ya kukimbia akawa anakuja kunipokea kwenye ua wa depo. Nilikuwa na honi yangu ya kuingilia mji, ndefu kisha fupi, na akiisikia alikuwa anaacha kila kitu. Kwa ajili yake niliweka kifungu cha mwisho kwenye bamba tulipokuwa tunakaribia mji, kifike kikiwa cha moto. Alikibeba kichwani mpaka nyumbani, akikiita chakula ya mashini, na njiani hakumruhusu mtu kukigusa. Mama yake alipika matembele hayohayo kwa mkono bora kuliko wangu, lakini mtoto alisema ya mama hayana moshi. Mpaka leo nakikumbuka kichwa kile kidogo chini ya kifungu, na mchuzi ukimdondokea shingoni. Sijui kulisema jambo hilo kwa namna nyingine.

Vita vikaingia. Sitaandika nani alipigana na nani, maana waliojua wamekufa na waliobaki hawakubaliani. Nitaandika tu mahali treni yangu ilipokuwa. Tulikuwa tumeshuka kusini na mabehewa, tukafika Samba, na reli ikafungwa nyuma yetu. Wakati huohuo mji wa Kindu ulizingirwa. Watu hawakuweza kutoka kwenda mashambani, na cha mashambani hakikuweza kuingia. Habari zilitufikia kwa vipande, kutoka kwa watu waliokuwa wamepita msituni, na kila kipande kilikanusha kile cha jana.

Kule Samba hatukufa njaa, lazima niseme hivyo. Wanakijiji walitupa kipande cha shamba, mto ulikuwa na samaki, msitu ulikuwa na uyoga na asali, na chumvi ilikuja kwa baiskeli kutoka upande wa Kongolo, kwa taabu lakini ilikuja. Mazutu yalikwisha, kwa hiyo tulipika kwa kuni chini ya mashine iliyopoa. Kila asubuhi Papa Kazadi alifungua mlango wa chuma akalifuta lile bamba baridi kwa kitambaa. Alisema mashine iliyosimama inaharibika upesi kuliko inayokimbia. Nadhani alikuwa anasema habari zake, kwa sababu alianza kukonda ingawa tulikula sahani moja.

Homa ilimchukua kabla reli haijafunguliwa. Siku zile za mwisho hakuzungumza habari za Mungu wala za Kasai. Aliniambia, "Ramazani, mashini ikiwaka, unipikie moja," akageukia ukuta. Tulimzika mahali anapoweza kuiona mashine. Siku mazutu yalipofika na injini ikawaka, nilipika kifungu kimoja nikakiweka juu ya kaburi. Mbwa wa kituo alikimaliza hata kabla hatujaondoka, na nina hakika Papa Kazadi angesema mbwa huyo ana akili kuliko mimi siku nilipokuja na sardini.

Niliendesha mwenyewe kurudi nyumbani. Tulikwenda polepole, tukishuka kukagua reli, tukisukuma miti. Tulipokaribia mji niliweka kifungu cha Aziza kwenye bamba, samaki na matembele, nikakigeuza kwa uangalifu kuliko siku zote. Nilipiga honi yangu, ndefu kisha fupi. Uani kulikuwa na watu wengi wakipunga mikono, wote wembamba, na katikati yao nilimwona Mwajuma peke yake. Nilishuka na kifungu mkononi kikiwa bado cha moto. Alikipokea, akakifungua palepale, akayaona majani.

"Aziza alikufa," akasema. "Ile majani isiingie tena ndani ya nyumba yangu."

Akakiweka chini juu ya kokoto na tukaenda nyumbani. Sikumwuliza chochote siku ile, na kwa vile sikumwuliza siku ile, siku zilizofuata zikawa ngumu zaidi kuuliza. Majirani waliniambia kwamba katika miezi ile mji ulikula matembele na kisamvu cha uani na majani ya njiani ambayo zamani tulikuwa tunawaachia mbuzi. Mengine nilijijazia mwenyewe. Nilifikiri mtoto alichoka na majani, akayakataa, akalilia mkate, na mkate haukuwapo. Niliamini hivyo kwa sababu unga wa kwanza ulipoingia mjini Mwajuma alinunua mkate, na tangu hapo hakuna siku iliyopita nyumbani kwetu bila mkate mweupe mezani.

Mtu asiyekuwapo hawezi kuelewa jinsi tulivyokula miaka iliyofuata. Ndege zilileta biskuti, maziwa ya unga, mchele mweupe wa ng'ambo, mapaja ya kuku yaliyogandishwa, soseji, mayonezi, na sukre. Hakuna aliyeuliza kama ni vizuri au ni vibaya. Mji wote ulitaka kitu kitamu, kitu cheupe, kitu chenye mafuta yanayotiririka, na matembele yakaitwa chakula cha vita. Ukimkaribisha mgeni ukampa matembele, alijua humpendi. Binti yetu Sakina, aliyezaliwa baada ya amani, alikulia kwenye mkate na mayai ya kukaanga, na kinu cha mama yake alikijua kama kigoda cha kukalia.

Nami nilikula, tena kwa furaha. Wasaidizi wangu wapya walipanda na biskuti na chupa, nasi tukashindana nani atamaliza ya kwanza. Bamba la moto likajaa vumbi na grisi. Mwajuma alinitilia sukari kwenye chai mpaka kijiko kikawa kinasimama, akaketi kunitazama nikinywa, na kwa macho yake nilielewa kwamba kunilisha hivyo ndiko kulikomwonyesha kuwa vita vimekwisha kweli. Ningewezaje kukataa? Tumbo langu likaanza kufika kwenye vyombo vya kuendeshea kabla ya mikono yangu. Mliniita Papa Direkta kwa ajili yake, mnakumbuka, na mimi nilicheka nanyi.

Mazoea yana taabu. Nilianza kusikia kiu ambayo mto mzima usingeizima. Halafu siku moja, tukiingia Kibombo, taa ya ishara niliiona mbili, zikipishana. Msaidizi wangu alivuta breki kabla yangu.

Daktari wa kazi alinipima, akaniambia nina ugonjwa wa sukari na presha imepanda. Mwajuma alikuwa ameketi kando yangu, mkoba magotini. Daktari alinipa vidonge, kisha akaeleza taratibu kama anayemsomesha mtoto: niache sukre, sukari, mkate mweupe na vya kukaanga. Nile majani kila siku, samaki, mchele wa kutwanga kidogo, mawese kidogo sana. Na chumvi niisahau. Nisiporekebika kabla ya kipimo kijacho, hataweza kuniruhusu kuendesha, na nikiendelea hivyo hata baada ya hapo macho yatakwenda, kisha miguu, kisha mwenyewe.

Tulirudi kwa miguu, Mwajuma mbele na mimi nyuma. Alipofika mlangoni alisimama bila kugeuka.

"Majani, bila chumvi," akasema. "Daktari amekuandikia chakula ya vita."

Akaingia ndani. Jioni ile mezani kulikuwa na mkate kama kawaida, lakini chai yangu haikuwa na sukari. Kwake hiyo ilikuwa hatua kubwa, niliijua, na sikudai zaidi. Nilikuwa na mashine bado. Nilipopata safari nilikwenda mapema depo na sabuni na brashi ya waya, nikalikwangua lile bamba mpaka chuma kikaonekana. Wale mliokuwapo mlidhani kuna mkaguzi anakuja.

Kibombo nilinunua mangongo na matembele kwa mama mmoja wa kituoni ambaye aliniuliza kama mke wangu amenifukuza. Kifungu cha kwanza kilinuka mazutu, cha pili kikaungua, maana sikio langu lilikuwa limezoea maganda ya biskuti. Cha tatu kiliiva. Nilikifungua magotini, mvuke ukanipanda usoni, na ikawa kama Papa Kazadi ameketi pale kando yangu akifuta mikono. Hakikuwa na chumvi na hakikuwa na utamu wa zamani. Nilikula huku machozi yananitoka, na msaidizi wangu akaangalia nje kwa heshima, kama vile ana kazi ya kuhesabu miti.

Tangu hapo njiani nilikuwa mzima, nyumbani nilikuwa mgonjwa. Nikirudi kutoka safari, kipimo kinashuka. Nikikaa nyumbani kungoja safari nyingine, kinapanda, kwa sababu nilichokuta mezani ndicho nilichokula. Daktari aliniuliza kwa mshangao kama kazi ndiyo inanitibu, nikamjibu kwamba ndiyo, karibu hivyo. Mara moja nilijaribu ujanja. Nilirudi na kifungu kilichobaki kwenye mfuko, chini ya nguo chafu. Mwajuma alikinusa kutoka jikoni. Hakugomba. Alinionyesha mlango kwa kidevu, nami nikakila nyuma ya choo, wima, mzee mzima anayejiibia chakula chake mwenyewe. Nikaona hii ni aibu ya bure, na sikurudia.

Kwa hiyo nilikuwa naomba safari. Mlishangaa kwa nini mzee kama mimi anapigania zamu za kusini ambazo vijana wanazikimbia, na sasa mmejua. Kipimo kiliniruhusu, kwa shida, nikaendelea kuendesha hadi mwisho wangu wa kazi. Lakini nilijua vizuri kinachoningoja. Siku nitakapokabidhi funguo, nitakuwa nyumbani kila siku, bila bamba, mbele ya mkate mweupe uliowekwa na mwanamke ambaye nisingeweza kumwomba kitu kile kimoja ambacho kingeniweka hai. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wanasema, lakini mhunzi huyu hakuwa na koleo lingine.

Ndiyo maana siku ya kuniaga mliniona nimeshika chupa ile kama mtu aliyepewa kifaa asichokijua. Mwajuma alikuwa ameketi na wake zenu upande wa pili. Alikuwa ananitazama tangu mwanzo, na aliona keki ikienda kwa fundi wa breki.

Kabla sijamaliza, niwaachie la kazi. Kwenye mashine niliyowaachia, pahali pa moto pako nyuma ya mlango wa pili wa upande wa kushoto. Nililisafisha bamba siku yangu ya mwisho. Msiweke kifungu karibu na mrija, na mkipanda kilima baada ya Kibombo mkigeuze kabla mashine haijaanza kuvuma, si baada yake. Mangongo mnunue kwa yule mama wa kituoni, mwambieni kwamba mke wangu hajanifukuza.

Asubuhi iliyofuata sherehe yenu niliamka nikakuta nyumba kimya, Sakina bado amelala, na mezani hakuna kitu. Nilikaa uani kwenye kigoda, sijui niweke wapi mikono. Mwajuma aliingia na kikapu kichwani, akakitua mbele yangu. Kilikuwa na samaki, nyanya na matembele yenye umande bado, mafungu mengi kuliko yanavyohitajika kwa watu watatu.

"Jana hukukula," akasema.

Nikamwambia sikuwa na njaa. Akaniambia niache uongo, nimezeeka nao. Nikainuka nikasema basi niache nipike mimi, ninajua. Aliniangalia kwa muda, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nikaona lile tabasamu la msichana wa Alunguli.

"Wewe unajuaka kupika na mashini," akasema. "Mashini iko wapi?"

Nikaketi. Alichambua majani moja moja, akayaosha, akayatia chunguni na samaki na nyanya, akaacha pilipili ielee juu. Mikono yake haikuwa imesahau kitu. Alipika amenigeuzia mgongo, na mara mbili tatu alisimama, mwiko mkononi, kama mtu anayesikiliza. Alipotua chungu kati yetu, aliugeuza mfuniko wake, akatia humo chumvi kidogo, akauweka kando ya chungu.

Nilidhani ananipima. Nikasogeza mkono kuuondoa mfuniko, nimwonyeshe kwamba ninafuata maneno ya daktari.

"Wacha," akasema. "Hiyo haiko yako."

Nikamwuliza ni ya nani, ingawa nilikuwa nimekwisha kuogopa jibu.

"Aziza alikuwa anapenda matembele," akasema. "Hakukatala hata siku moja. Alikula mupaka mwisho. Ni chumvi tu njo alikuwa anaomba. Mama, weka chumvi, itakuwa sawa na ya mashini ya baba. Kila siku. Ningeitoa wapi? Mji muzima haikukuwa na chumvi."

Nilikumbuka zile baiskeli zilizotuletea chumvi Samba.

"Niliogopa nikipika tena, nitamusikia anaomba," akasema.

Nikamwuliza kama amemsikia.

"Tangu sokoni," akasema. "Njo maana nimemuwekea."

Tukala. Yalikuwa na ladha ya majani tu, na samaki, na moto wa pilipili, na tulikula polepole mpaka chungu kikabaki nusu. Sakina alitoka ndani, sahani ya mayai mkononi, akatazama chungu kwa mshangao, kisha akainama achukue chumvi ya kwenye mfuniko ainyunyize kwenye mayai yake. Mama yake akamshika mkono.

"Iache," akamwambia. "Hiyo ya dada yako."

Sakina alikuwa hajawahi kumsikia mama yake akimtaja Aziza. Akaweka mayai chini, akavuta kile kinu cha zamani akakikalia, akauliza dada yake alikuwa mtu wa namna gani.